Klenza ya uso ya kutengeneza nyumbani, isiyobana ngozi

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Dar, nalifupisha kidogo:

"Dokta habari za kazi. Mi nna miaka 24, nafanya uwakala wa pesa Tandika, nashinda chini ya mwamvuli toka saa mbili asubuhi mpaka jioni. Uso wangu una mafuta hasa paji na pua, kidevuni chunusi haziishi. Nikinawa na sabuni uso unabana mpaka kucheka nashindwa, afu ikifika saa sita mchana mafuta yamerudi nang'aa kama nimepakwa. Kuna mtu alinipa resipe, unakwangua sabuni ya kipande, unaweka asali, unakamua limau, unaongeza kijiko cha bekingi soda, unapaka na kusugua asubuhi na jioni. Nimetumia wiki mbili na nusu, mwanzo uso ulitakata kweli ila sa hivi unawaka hata nikipiga maji matupu na mashavuni yameanza madoa meusi. Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi. Naomba unielekeze klenza laini ya kutengeneza mwenyewe isiyo na gharama. Na bibi yangu wa Pangani anasema niache yote nirudi kwenye liwa, ni kweli?"

Mdogo wangu, kwanza mi sio dokta, mi ni mfamasia. Nimekaa dirisha la dawa miaka mingi na sa hivi kazi yangu kubwa ni kufundisha watu kutengeneza vipodozi vidogovidogo, kwaiyo niite dada tu inatosha. Pili, hiyo resipe iache leo. Sio ikiisha kwenye kopo, leo. Limau lililobaki liko na samaki wa kukaanga anayelisubiri.

Ngoja nikueleze ilichokufanyia, manake usipoelewa hapo kesho mtu mwingine atakupa nyingine inayofanana na hiyo ila ina jina zuri zaidi.

Sabuni ya kipande, iwe ya kufulia, iwe ya kuogea yenye harufu ya maua, iwe ile nyeusi wanayoisifia au ya mwarobaini ya kutengenezwa kwa mkono, zote kimsingi ni mafuta yaliyopikwa na kostiki soda au majivu makali. Ndo sabuni ilivyo, haina namna nyingine. Na ikishakuwa sabuni inabaki upande wa magadi, pH yake (kipimo cha uchachu na umagadi, namba ikishuka ndo uchachu) inacheza kwenye 9 mpaka 10. Ngozi ya uso yenyewe iko kama 5 hivi, ina uchachu kidogo, na huo uchachu una kazi, unafanya bakteria wabaya wasijisikie nyumbani. Sasa kwenye hicho kipimo kila namba moja ni mara kumi, kwaiyo kutoka 5 kwenda 10 sio "mara mbili" kama watu wanavyodhani, ni mara laki moja. Kila ukinawa unaisogeza ngozi upande huo halafu inahangaika masaa kurudi ilipokuwa, na kabla haijatulia jioni imefika unanawa tena.

Ngozi ya juu kabisa fikiria paa la makuti. Kuna seli zilizokufa zimelaliana kama makuti, na katikati yake kuna mafuta ya asili yanayozishikilia. Mvua haiingii, na unyevu wa ndani hautoki. Sabuni kali ikipita haichagui, inabeba jasho, vumbi na mafuta ya juu, na inabeba na yale ya kwenye makuti. Paa linaanza kuvuja. Maji ya ndani yanatoka ndo unasikia kubana, na vitu vya nje vinaingia ndo unasikia kuwaka hata kwa maji matupu. Wengi tumelelewa kuamini uso ukibana na ukiusugua ukalia "kwii" basi umetakata. Hapana jamani. Uso uliobana umeumia. Ukibaki na hili moja tu katika yote nitakayoandika hapa mi nimeridhika, manake ndo kipimo utakachotumia kwa klenza yoyote, ya kutengeneza au ya dukani: dakika kumi baada ya kunawa, kabla hujapaka kitu, uso unajisikiaje?

Na hilo la mafuta kurudi saa sita. Utasikia watu wanasema ngozi ikikaushwa inakasirika inatoa mafuta mengi zaidi kulipiza. Mi siiamini sana hiyo. Tezi za mafuta zinafuata homoni zako, na joto la Dar tunalijua, zenyewe zinaendelea na kazi yao kwa mwendo wao hata uoshe na nini. Ukiyatoa yote saa moja asubuhi, saa sita yamerudi, ukiyatoa nusu, saa sita yako palepale. Kwaiyo kukwangua hakujakupunguzia hata tone, kumekuongezea maumivu tu.

Sasa limau na bekingi soda. Limau lina pH kama 2, bekingi soda ukiikoroga kwenye maji iko 8 na kitu. Ulipochanganya uliona povu likafura, najua lilikufurahisha, kila mtu linamfurahisha. Lile povu ni hewa ya kaboni dayoksaidi, asidi ya limau na bikaboneti ya soda zinauana. Zikishamalizana kinachobaki ni maji yenye chumvichumvi ya sitreti, haisafishi kitu, pamoja na ziada ya ile uliyoizidisha, limau au soda. Na kwakuwa hakuna anayepima, siku moja unapaka asidi, siku ya pili unapaka magadi. Afu limau likikutana na sabuni linaivunja, umeona inakuwa kama maziwa yaliyoganda, ina mabongemabonge? Hayo ni mafuta yanarudi kuwa mafuta. Yaani ulitengeneza sabuni ambayo nusu yake imeshakufa na iliyobaki bado ni kali.

Ila kilichoniumiza kwenye swali lako ni madoa. Limau na ndimu, hasa maganda yake, vina kemikali ambazo zikikaa kwenye ngozi afu jua likapiga zinaunguza, ngozi inawaka, wengine wanatoka malengelenge, na pakipona panabaki peusi. We unapaka asubuhi, husuuzi vizuri, unaenda kukaa Tandika kutwa, na mwamvuli unakukinga jua la juu lakini la kudundwa na lami na mabati haulizuii. Ngozi zetu nyeusi zina kawaida hiyo, zikiudhiwa zinaandika. Chunusi inaandika, kusugua kunaandika, kuungua kunaandika. Na doa halitoki kwa wiki mbili, ni miezi. Kule "kutakata" kwa mwanzo ilikuwa tu umeondoa tabaka la juu kwa nguvu, mwanga unadunda vizuri. Ukipiga msasa meza nayo inang'aa.

Kabla sijafika kwenye kutengeneza nikuulize kitu na ujijibu mwenyewe, huna haja ya kuniandikia. Umeshawahi kupaka krimu ya kopo lisilo na lebo, wanayokuchanganyia dukani, au ile ya "kuondoa madoa siku saba"? Sikuhukumu, ninaowajua waliopaka ni wengi kuliko wasiopaka. Nauliza kwasababu mkorogo mwingi una steroidi, dawa kali za kupoza uvimbe, kama klobetasoli au betamethasoni, na uso uliozoea steroidi ukiacha ghafla unawaka, unavimba, unatoka vipele vingi kuliko mwanzo, na hapo klenza laini kuliko zote duniani utaona inakuchoma. Hiyo sio ya kutibu na klenza ya nyumbani, hiyo nenda kwa daktari wa ngozi akushushe taratibu. Na nyingine zina zebaki, hizo hata haziishii kwenye ngozi, zinaenda mpaka kwenye figo. Kama haikuhusu, tuendelee.

Wiki ya kwanza usitengeneze kitu. Najua umekuja kutafuta resipe lakini paa linavuja, huwezi kupaka rangi. Siku saba nawa uso kwa maji ya uvuguvugu tu, kwa viganja, sio kwa dodoki wala taulo. Kausha kwa kugusagusa na kitambaa laini, na usiku uso ukiwa bado na unyevu chukua mafuta ya mgando yasiyo na harufu, kiasi cha punje ya harage kwa uso mzima, pitisha juu ya sehemu zinazowaka. Najua utaogopa chunusi. Mafuta ya mgando yenyewe hayazibi vinyweleo kama inavyosemwa, tatizo ni watu wanapaka kama wanapaka mkate siagi.

Na maji. Umenitajia kisima nikafurahi, manake watu hawataji kabisa. Maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi na yana chokaa, na chokaa ikikutana na sabuni inatengeneza ule utando unaouona umezunguka karai ukimaliza kufua. Utando huohuo unabaki usoni hata usuuze mara tano. Nusu ya kubana kwako inawezekana ni huo. Huwezi kuhama nyumba kwa ajili ya uso, lakini lita moja ya maji ya bomba yasiyo na chumvi, au ya mvua yaliyokingwa vizuri na kuchemshwa, inatosha uso kwa siku nzima. Oga na kisima, uso malizia na hiyo jagi. Kuchemsha maji ya kisima kunapunguza chokaa kiasi ila chumvi haitoki, usijidanganye.

Sasa klenza. Ningeweza kukupa tano, nakupa moja ya kila siku, na nyingine mbili za pembeni.

Ya kila siku ni oti. Zile za uji, paketi ya kawaida isiyo na sukari wala maziwa wala ladha ya vanila, soma nyuma uone imeandikwa oti peke yake. (Watu wengi wanaziita shayiri, ila shayiri yenyewe ni nafaka nyingine, ukienda sokoni ukasema shayiri unaweza ukapewa kitu tofauti.) Oti sio mambo ya bibi tu, Marekani mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, iliziweka rasmi kwenye orodha ya vitu vya kulinda ngozi mwaka 2003. Zina wanga na beta-glukani zinazoshika maji na kuacha utando mwembamba unaotuliza, zina vitu vinaitwa avenanthramidi vinavyopunguza muwasho, na zina saponini kidogo, hizo ndo kama sabuni ya asili, zinashika mafuta na vumbi lakini kwa upole, huwezi kuona povu la maana na ndo vizuri.

Chukua kikombe kimoja, weka kwenye blenda kavu kabisa, ile ya kusagia viungo ndo nzuri, saga kwa vipindi mpaka iwe unga laini kama wa ngano. Sio kama sembe, laini zaidi. Afu pitisha kwenye chekeche, na kinachobaki juu rudisha usage tena au pika uji. Hatua ya chekeche usiiruke, chembe kubwa zinakwaruza na tumeshakubaliana ngozi yako inaandika. Jaribio la kujua umefika: kijiko kimoja kwenye glasi ya maji, koroga. Maji yakigeuka meupe kama maziwa na ukishika yanateleza, umefika. Unga ukizama wote chini maji yakabaki maangavu, rudi kwenye blenda.

Huo unga weka kwenye chupa kavu yenye mfuniko wa kukaza, ikae chumbani, sio bafuni. Bafuni kuna mvuke, utavuta unyevu utaota ukungu. Ukiwa mkavu unakaa hata miezi miwili, ila saga kidogokidogo tu. Kijiko cha chai kimoja ni kama gramu 2 au 3, mara mbili kwa siku ni gramu 5, kwaiyo paketi ya nusu kilo ni kama miezi mitatu. Piga hesabu mwenyewe ulinganishe na chupa ya klenza ya dukani.

Kutumia: lowesha uso. Kiganjani weka kijiko cha chai kimoja cha unga, ongeza maji ya uvuguvugu kidogokidogo mpaka iwe kama uji mzito, subiri dakika moja uvimbe na uanze kuteleza. Hiyo dakika wengi wanairuka wanapaka unga mkavu afu wanalalamika unakwaruza. Paka, zungusha kwa vidole, vidole sio viganja, sekunde thelathini mpaka dakika nzima, paji na pua kaa hapo zaidi kidogo, mashavuni pita tu. Suuza vizuri hasa kwenye nywele za mbele na chini ya kidevu manake unga unapenda kujificha huko. Kausha kwa kugusa.

Kama hupendi ungaunga usoni, fanya kama unakamua tui. Vijiko vikubwa viwili vya oti kwenye nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu, robo saa, weka kwenye kitambaa safi cha pamba, kamua. Yale maji meupe yanayoteleza ndo klenza yako. Nawia asubuhi, yaliyobaki friji, nawia jioni, yaliyobaki hapo mwaga. Kesho kamua mengine. Na hapa kwenye kumwaga ndo nataka nikae kidogo, manake ndo wanaharibu wengi, na mi mwenyewe ni mmoja wao.

Miaka ya nyuma, nikiwa nimeshamaliza chuo na nina cheti ukutani, nilitengeneza klenza nzuri ya alovera, asali na maji ya waridi, nikaijaza kwenye chupa ya pampu nikaiacha bafuni, nikampa na binamu yangu chupa moja. Nilijiambia asali haiozi. Ni kweli asali haiozi, lakini asali ikiwa asali, maji yake hayafiki hata asilimia 20 na bakteria wanakauka humo. Mi nilikuwa nimeshaitia maji, na asali yenye maji ni pombe inayosubiri siku zake. Siku ya tano nikafungua ikatoa "pssss" kama soda. Binamu yangu yeye hakusikia pssss, alipaka, akatoka vipele shingo nzima, na kila harusi ya ukoo mpaka leo ananitambulisha kama "yule mfamasia wetu". Kiwandani wanaweka vihifadhi, na watu wanavitukana vihifadhi kweli mitandaoni, ila ndo vinavyokuruhusu uache chupa bafuni miezi sita. We huna, kwaiyo sheria yako ni rahisi: kikavu kinakaa, chenye maji hakilali zaidi ya siku moja, na kuwa na friji sio ruhusa ya kuweka wiki.

Asali basi weka pale unapotumia. Nusu kijiko cha chai kwenye ule uji wa oti kiganjani, siku ambazo uso umekauka. Ina uchachu wake, inashika unyevu, haibani. Asali iliyochakachuliwa na sukari itakuachia kunata tu. Glisarini nayo inafaa, matone matatu manne, isizidi, na isiwe peke yake kavukavu usoni.

Ya pembeni ya kwanza ni unga wa dengu, ule wa bajia. Ndugu zetu wenye asili ya India wanaunawia miaka na miaka na una nguvu ya kushika mafuta kuliko oti. (Kenya ukisema ndengu watakupa choroko, mi nazungumzia dengu zile kubwa za njano.) Dengu sehemu mbili, oti sehemu moja, chekecha vilevile, na iwe mara moja au mbili kwa wiki kwenye paji, pua na kidevu tu, ukishapona. Sio sa hivi. Wataalamu wa mitandaoni watakwambia uongeze manjano, ongeza ukitaka kwenda kazini na uso wa njano.

Ya pili ni kwa siku umepaka fondesheni au sanskrini (krimu ya kukinga jua) nzito. Oti haitaitoa, nikikudanganya itatoa utalala nayo. Mafuta yanatolewa na mafuta. Nusu kijiko cha chai cha mafuta ya alizeti ya kupikia, yale safi yaliyochujwa, kwenye uso MKAVU, zungusha taratibu, kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu kifutie bila kuburuza, halafu ndo oti. Kwanini alizeti na sio nazi ambayo kila nyumba ya pwani ipo? Nazi kwa nywele na mwili sina ugomvi nayo, lakini usoni kwa mtu mwenye chunusi inaziba, nimeiona inaziba wengi. Na zeituni nayo pamoja na sifa zake zote, utafiti wa Sheffield Uingereza uliotoka 2013 ulilinganisha zeituni na alizeti kwenye ngozi za watu wazima, zeituni ikadhoofisha ule ukuta wa ngozi na alizeti ikauacha salama. Utafiti wenyewe ulikuwa wa watu wachache, ila kwakuwa alizeti ndo ya bei rahisi hapa kwetu na inatoka Singida, sioni sababu ya kubishana nao.

Bibi yako wa Pangani sasa. Mpe salamu zangu shikamoo, hajakosea, ila liwa sio klenza. Liwa ni ya kutuliza na kupoza. Ile ya kweli ni kipande cha msandali kinasagwa kwenye jiwe na maji ya waridi mpaka kitoe uji, unapaka unakaa nao, na Comoro huko wanawake wanatembea nayo barabarani mchana kweupe wala hakuna anayeshangaa. Ugomvi wangu ni wa aina mbili. Moja, inayouzwa kama unga kwenye vipakti ukikuta bei yake inakaribiana na unga wa ugali jiulize msandali uko wapi humo, msandali ni ghali, na hata huu wetu wa Afrika Mashariki uliwekwa kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, mwaka 2013 kwasababu ulikuwa unakatwa unamalizwa. Ukinunua unga wa mbao na manukato utapata manukato. Mbili, inapokauka watu wanaibandua kwa kusugua, na hapo faida yote imepotea. Kama bibi anacho kipande cha msandali na jiwe lake, mwambie akutunzie. Baada ya mwezi uso ukitulia, paka baada ya kunawa, robo saa, iloweshe maji mpaka ilainike ndo uisuuze. Na maji ya waridi soma chupa, mengi ni maji na pafyumu. Singo ya maharusi, ile ya kusugulia, iache mpaka uwe bi harusi, na hata hapo iwe mwilini.

Alovera, ukiitaka, kata jani, lisimamishe kwenye kikombe robo saa ule utomvu wa njano utoke kwanza, huo ndo unaowasha watu, afu osha, tumia ile nyama angavu tu. Maziwa mabichi na yai bichi usoni hapana, sina la kuongeza hapo.

Mwisho kwenye kutengeneza ni kitu ambacho watu wa "vya asili havina madhara" hawapendi kukisikia. Japani miaka ya 2004 mpaka 2010 kulikuwa na sabuni ya uso iliyowekwa protini ya ngano. Watu zaidi ya elfu mbili wakapata aleji, na sio ya ngozi tu, walianza kupata aleji wakila mkate. Ngano hiyo ilikuwa imekatwakatwa kiwandani kuwa chembe ndogo sana, sio sawa na unga wako wa oti, ila funzo ni kwamba chakula kikipita kwenye ngozi iliyochanika mwili unaweza kukichukulia kama adui. Ndo maana nimekwambia paa lizibwe kwanza. Na ndo maana kama una pumu ya ngozi, au ukila kitu fulani midomo inakuwasha, hicho kitu usikipake.

Kwaiyo siku ya tano ya ile wiki ya mapumziko, saga oti, koroga kidogo, paka nyuma ya sikio, acha dakika kumi, suuza. Rudia siku inayofuata palepale. Pakiwa shwari siku ya nane anza usoni, jioni tu kwanza. Asubuhi endelea na maji matupu wiki nzima, usoni hakuna uchafu wa usiku kucha unaohitaji vita. Ukizoea ndo uweke asubuhi na jioni, na mara mbili inatosha, hata kwa uso wa mafuta. Mchana uso uking'aa bonyeza tishu, usinawe.

Chunusi zenyewe, nisikupe matumaini ya uongo, klenza haitibu chunusi. Itakuondolea kuwaka, na baadhi ya vipele vya hasira ya ngozi vitaondoka navyo, lakini zile za kidevuni zinazorudirudi kwa mwanamke wa miaka 24 mara nyingi ni homoni na zina dawa zake, benzoili peroksaidi asilimia 2.5 kwa mfano, na dawa yoyote ya chunusi ipe wiki nane mpaka kumi na mbili kabla hujaitukana. Zikiwa kubwa, zinauma chini ya ngozi, zinaacha mashimo, hapo nenda kliniki ya ngozi, usikae na mimi. Kwa walioko kaskazini pale hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi toka 1992, hapohapo ndo palianza kutengenezwa sanskrini ya watu wenye ualbino. Na we sanskrini unaihitaji, angalau kofia pana, manake madoa hayo bila kukingwa jua yatakaa mpaka uyazoee.

Kama hela ikipatikana na huna nafasi ya kusagasaga kila wiki, kanunue klenza ya dukani isiyo na sabuni na isiyo na harufu, ya bei ya chini kabisa, sitakuona msaliti.

Ukishaanza niandikie baada ya wiki mbili uniambie vitu viwili tu: dakika kumi baada ya kunawa uso unabana au haubani, na ile jagi ya maji ya kusuuzia unaitumia kweli au umerudi kwenye kisima.